Taa ya Mbele ya Gari Haiwaki? Anza Hapa Kabla ya Kumlipa Fundi

Mwezi uliopita baba mmoja alikuja ofisini kwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amesimamishwa na polisi usiku, akitoka zamu ya pili kiwandani, kwa sababu taa moja ya mbele ilikuwa haiwaki. "Polisi hakuniomba hata senti moja," aliniambia. "Alinipa karatasi, akasema niende salama. Nikajua amenisamehe." Karatasi ile ilikuwa wito wa mahakama, na tarehe yake ilikuwa imepita siku tisa.

Si kwamba alipuuza ile taa. Alishanunua balbu mbili, na bado haikuwaka. Gereji moja ikamwambia taa nzima na nyaya zake zibadilishwe kwa dola 400, naye akawa anasubiri mshahara. Tulipotazama pamoja, tukakuta soketi ya balbu imeungua. Soketi mpya aliipata kwa dola 14.

Wengi wetu tunaanza maisha hapa Marekani na gari la miaka 15 au 20. Ndiyo maana naandika hatua hizi. Zifuate kwa mpangilio, kwa kuwa zinaanza na kitu rahisi na chenye gharama ndogo.

Kabla ya kugusa chochote

Zima gari, toa ufunguo, na uache balbu ipoe. Balbu ya kawaida ya halojeni huwa moto sana. Kama gari lako lina taa za xenon, zile zenye mwanga mweupe wa kibluu kutoka kiwandani, usizifungue mwenyewe. Umeme wake ni mkali mno, mpelekee fundi.

1. Jua ni ipi haiwaki

Egesha mbele ya ukuta usiku, washa dimu, kisha fuli. Tazama kila upande. Usiamini taa za dashibodi, na usiamini taa za mchana zinazojiwasha zenyewe: zinaweza kuwaka wakati dimu imekufa. Ikiwa ni upande mmoja tu, kosa mara nyingi ni balbu, fyuzi ya upande huo, soketi au waya wake. Ikiwa pande zote mbili zimezimika, fikiria rilei au swichi. Lakini angalia balbu zote mbili pia, maana huenda moja ilikufa zamani bila wewe kujua.

2. Badilishanisha balbu

Toa balbu ya upande mzima uiweke kwenye upande mbovu. Ikiwaka, shida ilikuwa balbu. Isipowaka, usinunue balbu nyingine. Endelea na hatua ya tatu. Usishike kioo cha balbu kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema. Tumia kitambaa safi.

3. Angalia fyuzi

Kisanduku cha fyuzi kiko chini ya boneti, na mara nyingi kuna kingine karibu na usukani. Mchoro uko ndani ya kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Katika magari mengi kila taa ya mbele ina fyuzi yake. Ichomoe uitazame kwenye mwanga: ikiwa kile kiuzi cha ndani kimekatika, imeungua. Weka nyingine ya namba ileile. Nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20. Usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili waya usiwake moto. Ikikatika tena mara tu ukiwasha taa, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani. Hapo mwite fundi.

4. Jaribu rilei

Rilei ni kile kidude cha mraba ndani ya kisanduku cha fyuzi. Mara nyingi ya taa na ya honi zinafanana. Kama namba zilizoandikwa juu yake ni zilezile, zibadilishane. Taa zikiwaka na honi ikanyamaza, umepata kosa.

5. Tazama soketi na waya wa ethi

Chomoa soketi nyuma ya balbu. Plastiki iliyoyeyuka, rangi ya kahawia, au kutu ya kijani kwenye vyuma vyake ni dalili ya kosa. Kisha fuata waya wa ethi, ambao mara nyingi ni mweusi, mpaka pale unapofungwa kwa skrubu kwenye bodi. Katika majimbo ya baridi, chumvi inayomwagwa barabarani hula sehemu hiyo. Ifungue, isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, uifunge tena. Taa inayowaka hafifu upande mmoja mara nyingi inaponea hapo.

Ukiwa na tesita ya volti 12, washa taa, banisha kibanio chake kwenye hasi ya betri, na uguse vyuma vya soketi. Ikiwaka, umeme unafika. Lakini kumbuka: tesita hutumia umeme kidogo, wakati balbu ya wati 55 inahitaji karibu ampea 5. Soketi iliyoungua inaweza kuwasha tesita na ikashindwa kuwasha balbu. Hilo ndilo lililompata yule baba.

Ukifika kwa fundi, mwambie ulichokwisha kupima, na umwombe aandike bei kabla hajaanza kazi.

Ukisimamishwa na polisi

Simama kando ya barabara, baki ndani ya gari, na mikono iwe juu ya usukani. Usimpe pesa polisi hata kidogo, hata kama ni kwa nia njema. Hapa hilo ni kosa la jinai. Karatasi atakayokupa inaweza kuwa onyo tu, au inaweza kuwa wito wenye faini na tarehe. Usipojibu, leseni yako inaweza kusimamishwa, na hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata.

Usibahatishe. Tuletee karatasi hiyo siku inayofuata, hata kama huielewi, hata kama unaona aibu. Tengeneza taa, tunza risiti, uje nayo: mahakama nyingine hupunguza au kufuta faini ukionyesha kwamba gari limetengenezwa. Kwa yule baba, tulimpigia simu karani wa mahakama siku ileile, akapewa tarehe mpya. Alikwenda na risiti yake ya dola 14 mkononi.