Moto Juu, Moto Chini

Mgeni anayelala hemani Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, akiletewa keki baada ya chakula cha jioni huuliza kwanza imeokwa wapi. Oveni haionekani, umeme wa kuiwashia haupo, na mjini ni mbali. Mpishi wa safari humpeleka nyuma ya banda la jiko akamwonyesha sufuria mbili, moja kubwa na moja ndogo, mfuniko wa bati, na makaa yanayofifia. Wapo wanaodhani wanataniwa.

Kwa mtu aliyekulia Pwani hakuna la kushangaza hapo. Tangu zamani wali wa nazi unapokaribia kukauka hupaliwa: makaa hupunguzwa chini ya sufuria, mengine hupangwa juu ya mfuniko, na punje huiva kwa joto linaloshuka. Mkate wa kumimina, ule wa mchele, nazi na hamira, uso wake huwa mwekundu kwa njia hiyohiyo. Anayejua kupalia wali ameshajua nusu ya kazi ya kuoka keki porini, na nusu iliyobaki ni subira.

Sababu ni hii. Sufuria iliyokaa juu ya moto hupokea joto upande mmoja tu. Kitako chake hupata moto mkali, unga ulioko chini huungua, na wa juu unabaki uji. Kitumbua nacho hupikwa kwa moto wa chini, lakini kikishashika upande mmoja hugeuzwa. Keki haigeuzwi ikiwa mbichi. Lazima joto liifuate juu iliko, na ndiyo maana kwenye mfuniko hutiwa makaa mengi kuliko chini. Anayeanza huwa hapendi kuliamini hili. Akiona keki inachelewa, huongeza moto chini, kisha anakula mkaa.

Wazungu nao walifika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1707 Abraham Darby wa Uingereza alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na baada ya hapo sufuria nzito za chuma zikawa bei nafuu. Walowezi wa Marekani walizipenda zile zenye miguu mitatu mifupi na mfuniko bapa uliozungushiwa ukingo. Miguu huiinua sufuria makaa yapate kukaa chini yake, na ukingo huyazuia makaa ya juu yasiporomoke. Wachunga ng'ombe wa Texas walioswaga makundi masafa marefu walifuatana na gari la jiko. La kwanza la aina hiyo hutajwa kuwa kazi ya Charles Goodnight, mwaka 1866. Mpishi wa gari hilo aliokea mikate na vitamutamu vya matunda ndani ya sufuria hiyo ya miguu mitatu. Jimbo la Utah limeienzi sufuria hiyo kiasi cha kuitangaza, mwaka 1997, kuwa chombo rasmi cha kupikia cha jimbo.

Wanaoitumia wana kanuni rahisi ya kuhesabu mkaa, na inafaa kuazimwa. Hutumia mkaa wa kushindiliwa, ambao vipande vyake vina ukubwa mmoja. Chukua upana wa sufuria kwa inchi, ongeza tatu: hiyo ni idadi ya vipande vya juu. Toa tatu: hivyo ni vya chini. Sufuria ya inchi 12 basi hupata vipande 15 juu na 9 chini, na ndani yake joto huwa kati ya nyuzijoto 160 na 180, ambalo ndilo keki inalotaka. Mkaa wetu wa gunia hauna vipande vinavyolingana, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kufuatwa neno kwa neno. Uwiano ndio unaobaki: makaa mafungu matatu, karibu mawili yaende juu.

Sufuria zetu nazo ni za alumini, na hapo kuna jambo la kuangalia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na makaa yanayopulizwa na upepo hupita kiwango hicho bila taabu. Sufuria nyembamba ikikaa tupu juu yake huweza kutoboka. Wapishi wa safari hutatua tatizo hilo kwa mchanga. Sufuria kubwa hutiwa mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili hivi, au huwekwa vijiwe vitatu. Ndogo yenye rojo la keki huketi juu yake. Kubwa hufunikwa, na makaa hupangwa juu ya mfuniko. Mchanga hupokea ule ukali wa makaa na kuusambaza taratibu, na hewa iliyonaswa kati ya sufuria hizo mbili huwa ndiyo oveni yenyewe. Vijiwe vya mtoni visitumiwe. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo.

Kambi kubwa huenda mbali zaidi. Sanduku la bati, la aina ile ya kuhifadhia nguo, huwekwa juu ya makaa, sinia za mikate hupangwa ndani, na makaa mengine hutawanywa juu ya kifuniko. Sanduku moja hutoa mkate wa asubuhi kwa kambi nzima, na jioni huoka keki.

Moto wenyewe unahitaji saa nzima kabla ya kufaa. Miali haioki, inaunguza. Kinachotakiwa ni makaa ya kuni ngumu yaliyovaa jivu jembamba jeupe. Migunga hutoa makaa ya kudumu, ilhali kuni laini huwaka kwa fujo na kuacha majivu matupu. Mpishi mwenye akili huwasha moto wa pili pembeni, kwa kuwa makaa ya juu ya mfuniko hupoa upesi na baada ya dakika 20 hivi hutaka kuongezwa mengine. Makaa ya chini hupangwa kwa duara, katikati pakiachwa wazi, maana katikati ya sufuria ndipo panapoungua kwanza. Upepo nao haulali. Ukivuma kutoka upande mmoja, upande huo wa makaa huwaka zaidi, kwa hiyo sufuria huzungushwa robo kila baada ya dakika kumi hadi kumi na tano.

Namna ya kupima joto bila kipimajoto ni ya kizamani na bado inafaa. Kijiko cha unga hutiwa kwenye kisahani cha bati, huwekwa ndani ya sufuria iliyofunikwa, na baada ya dakika tano huangaliwa. Ukiwa mweupe, moto bado. Ukiwa rangi ya kahawia hafifu, rojo liingie. Ukiwa mweusi, makaa yapunguzwe na watu wasubiri.

Si kila keki inafaa kupelekwa porini. Keki laini zinazosimama kwa povu la mayai peke yake ni za jikoni nyumbani. Huko nje, mfuniko ukifunuliwa mara moja kabla ya wakati, zimeshasinyaa. Zinazofaa ni nzito kidogo: ya ndizi mbivu, ya nazi, ya karoti, au keki ya kawaida ya iliki. Kwa hiyo ya iliki, vikombe viwili vya unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha sukari, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa huchanganywa nyumbani na kufungwa kwenye mfuko usioingiza maji. Maziwa ya unga vijiko vitatu vya chakula huingia humohumo. Kambini huongezwa mayai matatu, gramu 125 za siagi iliyoyeyushwa na nusu kikombe cha maji. Sufuria hupakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, na hujazwa nusu tu, kwa sababu rojo hupanda.

Inapanda kwa nini? Beking pauda ni magadi ya kuokea pamoja na tindikali ya unga. Vikikutana kwenye maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na viputo vyake hunaswa ndani ya rojo. Mkemia Alfred Bird wa Birmingham ndiye aliyeitengeneza kwanza, mwaka 1843, kwa ajili ya mke wake ambaye tumbo lake halikuvumilia hamira. Nyingi zinazouzwa leo hutoa gesi mara mbili, zikilowa na tena zikipata joto. Hiyo ni neema kambini, kwa maana rojo huweza kungoja kidogo ikiwa makaa hayajawa tayari.

Kwa dakika 30 za mwanzo hakuna kufunua. Baada ya hapo pua huanza kutoa taarifa, na kati ya dakika 35 na 45 njiti ya chelewa huchomekwa katikati. Ikitoka kavu, keki imeiva. Wakati wa kufunua, majivu hufagiliwa kwanza na mfuniko huinuliwa wima, bila kuinamishwa. Bila hivyo nusu ya jivu huishia juu ya keki. Kisha huachwa robo saa ipoe. Watu wenye njaa huona robo saa hiyo kama dhuluma, lakini keki ya moto humeguka vipandevipande kisu kikiigusa tu.

Mlimani hesabu hubadilika kabisa. Kambi ya Horombo, kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa limeshuka hadi theluthi mbili hivi ya lile la Pwani. Maji huchemka karibu nyuzijoto 88, na kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, huchemka karibu 85. Keki mbichi imejaa maji, hivyo maadamu maji hayo yapo, ndani yake haiwezi kupata moto kuliko kiwango cha kuchemka. Usawa wa bahari keki huiva ikiwa na nyuzijoto 96 hadi 98 katikati. Horombo haifiki hapo hata moto uwe mkali namna gani. Wakati huohuo viputo vya gesi, vikiwa havikandamizwi na hewa nzito, hutanuka kupita kiasi. Keki hupanda kwa mbwembwe, hukosa ukuta wa kuishikilia, kisha hudidimia katikati.

Dawa yake haiko kwenye moto, iko kwenye bakuli. Beking pauda hupunguzwa, hata kwa nusu. Sukari hupunguzwa pia, kwa kuwa sukari huchelewesha wanga kushikana. Yai moja huongezwa ili kuipa keki nguvu, na maji kidogo huongezwa kwa sababu hewa ya juu hukausha haraka.

Tena Kilimanjaro hakuna makaa. Sheria za hifadhi zinakataza kuwasha kuni mlimani, kwa hiyo wapishi hutumia gesi, na gesi haina namna ya kukaa juu ya mfuniko. Keki huokwa kwa sufuria mbili, moto ukiwa mdogo na muda mrefu, na huiva ikiwa na uso mweupe. Hapo hupinduliwa kwenye sinia: kitako chenye rangi ndicho kinachogeuka uso, na kilichobaki hufunikwa kwa sukari laini, kokoa au vipande vya embe. Mpanda mlima akifikisha siku ya kuzaliwa akiwa njiani, keki hiyo huja ikifuatana na wapagazi wakiimba "Jambo Bwana", wimbo uliotolewa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya. Kuokea kilo nzima ya unga juu ya jiko la gesi, ndani ya hema, baada ya kupanda na mzigo kutwa nzima, ni ufundi unaostahili bakshishi kuliko unavyopata.

Katazo hilo la kuni lina sababu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kituo cha mapumziko kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza uoto wa mlimani kwa siku nyingi. Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, ilisema chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hata mahali moto unaporuhusiwa, makaa ya keki hayafukiwi tu kwa udongo, maana chini ya udongo huweza kukaa hai hadi kesho yake. Humwagiwa maji, hukorogwa, humwagiwa tena, mpaka kiganja kiweze kugusa majivu. Makombo nayo hayaingizwi hemani. Nyani wa kambi hujua zipu ni nini, na fisi wa Serengeti hahitaji mwaliko.

Asiye na sufuria mbili bado ana njia, inayopendwa na maskauti: machungwa. Makubwa, yenye ganda nene, yanayouzwa kwa malundo barabarani Muheza, ndiyo yanayofaa. Hukatwa kichwa, nyama yote hutolewa kwa kijiko na kuliwa, rojo humiminwa ndani hadi theluthi mbili, kichwa hurudishwa, na chungwa huviringishwa kwenye karatasi ya alumini. Huketishwa wima kando ya makaa kwa dakika 25 au 30, likigeuzwa mara mbili tatu. Ganda huzuia rojo lisiungue kwa sababu limejaa maji, na mafuta yake huingia kwenye keki. Lenyewe haliliwi: limeshakuwa chungu na limeshashika moshi. Keki huchotwa humo kwa kijiko, na kila mtu hupata yake.