Nakala za hesabu: diski isijae, kumbukumbu zisifutike

Wafanyabiashara wa mahindi wa Songea wanaotunza hesabu kwenye kompyuta wanashauriwa kuangalia jambo moja kabla ya msimu wa ununuzi: nakala zao za akiba zinafutika lini?

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka 5. Bacula, programu ya bure ya kuhifadhi nakala kwenye diski, isipopangiwa vinginevyo huhesabu siku 365 tu. Zikipita, faili la nakala, ambalo programu huliita volumu, laweza kuandikwa upya. Mkaguzi akitaka ankara za misimu 3 iliyopita, mwenye ghala atamwonyesha nini?

Kuacha kila kitu bila ukomo nako kuna gharama. Volumu huvimba hadi diski ijae. Tena siku zake huhesabiwa tangu ilipoandikwa mara ya mwisho, hivyo inayoandikwa kila usiku haifikii kamwe zamu ya kutumika upya. Ni ghala linaloongezwa gunia kila jioni, litafagiliwa lini? Heri volumu ndogo ndogo, moja kwa wiki, idadi yake ikipimwa kwa ukubwa wa diski.

Za kila usiku zaweza kurudiwa baada ya miezi 2. Za kufunga mwezi ziwekwe kwenye diski ya pili na kupewa miaka 6, maana ile 5 ya sheria huanzia mwisho wa mwaka wa mapato. Diski hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta.