Kwa nini taa za gari hufifia sabufa inapopiga?

Jioni pale Kilombero au Stendi Ndogo ni rahisi kuliona jambo hili. Hiace inasubiri abiria, muziki umefunguliwa, na kila besi inapodunda taa za mbele zinafifia kidogo kisha zinarudi. Vijana wengi wa Arusha wanaliona kama pambo. Kwa fundi umeme wa magari ni dalili kwamba gari linadaiwa umeme mwingi kuliko linaoweza kutengeneza.

Wasikilizaji wetu wenye daladala, Noah za Namanga na Usa River, hata magari binafsi, hutuuliza swali hili mara kwa mara: nimefunga muziki mkubwa, mbona betri hazidumu? Jibu halipo kwenye betri peke yake. Katika makala haya tunaeleza umeme wa gari unavyofanya kazi, unavyoongezwa, na mahali ambapo kubana matumizi kunaweza kukuunguzia gari.

Nani analisha redio?

Wengi hudhani betri ndiyo inayoendesha muziki. Injini ikiwa imewaka, sivyo. Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata. Baada ya hapo alteneta, inayozungushwa na mkanda wa injini, ndiyo inayolisha taa, feni, wipa, redio na kila kitu kingine, na pia kuirudishia betri ilichotumia.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka na alteneta ikiwa nzima, mita itasoma kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona namba inashuka chini ya 12.6 huku injini inanguruma, alteneta imezidiwa na betri ndiyo inayoziba pengo. Betri ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo ya kutwa nzima. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja.

Hesabu ya wati na ampea

Wati ni volti mara ampea. Tuchukue amplifaya yenye wati 1,000 za kweli. Amplifaya za kisasa za sabufa, za daraja D, hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa muziki, na unaobaki unakuwa joto. Kwa hiyo ili itoe wati 1,000 inahitaji kula kama wati 1,250. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampea 90.

Sasa tazama upande wa pili. Magari mengi tunayotumia hapa yana alteneta ya ampea 60 hadi 100. Usiku wa mvua, ukiwasha taa, wipa na feni ya ndani, gari lenyewe linaweza kula ampea 30 hadi 40 kabla hujagusa redio. Na namba iliyoandikwa kwenye alteneta hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta, alteneta nyingi hutoa nusu yake au pungufu.

Ndiyo maana gari hilo hilo linapiga vizuri likishuka barabara ya Moshi kuelekea Tengeru, halafu linachoka likikwama kwenye foleni ya Sanawari. Muziki hauli ampea 90 muda wote. Kwa wastani hula theluthi moja ya kilele, au chini ya hapo. Lakini hata ampea 30 zikitoka kwenye betri ya N70, ambayo ina uwezo wa takriban ampea-saa 70, nusu ya betri imekwisha baada ya saa moja na dakika chache. Rudia hivyo kila siku, na betri iliyostahili kudumu miaka itakufa mapema. Kwa dereva anayepeleka hesabu kila jioni, betri iliyokufa alfajiri inakula hesabu ya siku nzima.

Boksi linasema wati 3,000. Je, ni kweli?

Kabla ya kununua, geuza amplifaya utazame fyuzi zake. Kama ina fyuzi moja ya ampea 30, zidisha kwa 13.8, unapata wati 414 zinazoingia. Zinazotoka zitakuwa chini ya hapo, karibu 330. Haiwezekani kitu kinachoingiza 414 kitoe 3,000. Namba kubwa ya kwenye boksi ni ya tangazo. Namba ya fyuzi ndiyo inayokaribia ukweli, na ndiyo itumike kupigia hesabu ya nyaya na alteneta.

Nyaya tatu za kwanza

Mafundi wenye uzoefu hawaanzi na betri. Wanaanza na nyaya tatu zilizotoka na gari kiwandani: unaotoka alteneta kwenda chanya ya betri, unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na unaounganisha injini na bodi. Kiwanda kiliziweka nyembamba kwa sababu hakikutarajia sabufa. Kwenye magari yenye umri, hizi huwa zimeliwa na kutu, hasa sehemu zinazorushiwa tope na vumbi la barabara zetu za mitaani. Kuziongezea nyaya nene sambamba ni kazi ya muda mfupi, na mara nyingi taa huacha kufifia hapo hapo.

Unene wa waya una hesabu yake. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, wenye urefu wa mita 5 kutoka betri hadi nyuma ya gari, ukipitisha ampea 90 unapoteza karibu volti 1 njiani. Waya wa milimita 16 unapoteza nusu volti. Wa milimita 50 hupoteza chini ya robo volti. Volti inayopotea haiendi bure. Inakuwa joto ndani ya waya, chini ya kapeti unalokanyaga.

Hapa pia pana mtego wa dukani. Nyaya nyingi za bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukikwangua kwa wembe utaona weupe ndani. Aina hii hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo ule wa milimita 8 utapoteza volti 1 na nusu. Si lazima uukatae, ila ununue mnene zaidi. Tazama pia kipenyo cha chuma chenyewe, kwani wengine huficha uzi mwembamba ndani ya plastiki nene.

Waya wa hasi nao unastahili heshima ile ile. Ufungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane, kwa bolti iliyokaza. Ule mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta mara nyingi unatoka kwenye hasi iliyofungwa vibaya. Kwenye magari mapya yenye kifaa cha kupima betri kwenye taminali ya hasi, waya wa amplifaya ufungwe kwenye bodi, usifungwe kwenye taminali hiyo, kwani kompyuta ya gari itapima vibaya na kuchaji vibaya.

Alteneta kubwa, na gharama yake

Kama hesabu bado haifungi, kinachofuata ni alteneta. Cha kumuuliza fundi si ukubwa wake tu, bali inatoa ampea ngapi injini ikinguruma bila mafuta, kwa sababu foleni ndiko gari la abiria linakoshinda. Baadhi ya alteneta kubwa hutoa sana kwenye kasi na kidogo kwenye foleni.

Umeme huo nao haushuki kutoka Meru. Alteneta ikitoa ampea 150 kwa volti 14 ni wati 2,100, na kwa kuwa alteneta ya kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, injini inatoa kama nguvu za farasi 5 kwa ajili ya umeme tu. Noah yenye abiria wote ikipanda kuelekea Ngaramtoni itazihisi, na tanki litazihisi. Mkanda nao uwe mzima na umekazwa sawasawa. Mkanda unaoteleza hufanya alteneta ya ampea 150 ifanye kazi ya 70.

Betri ya pili: somo kutoka magari ya safari

Arusha tuna bahati moja. Karakana zetu zimekuwa zikijenga magari ya watalii kwa miaka mingi, na Land Cruiser ya kwenda Serengeti hubeba friji, soketi za kuchajia kamera na redio ya mawasiliano. Mafundi wa magari hayo wanajua kufunga betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya vifaa, katikati kukiwa na swichi ya rilei inayoziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Hata friji ikimaliza betri yake usiku kambini, asubuhi gari linawaka.

Mpango huo unafaa kabisa kwa muziki, kwa tofauti moja. Friji hula kidogo kwa muda mrefu. Sabufa hula kwa kishindo, kwa hiyo nyaya na rilei lazima ziwe kubwa kuliko za friji. Usifunge betri kuukuu sambamba na mpya, kwani kuukuu itainyonya mpya. Na kama betri inakaa ndani wanamokaa watu, iwe ya aina iliyozibwa. Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche, na asidi yake haitakiwi karibu na miguu ya abiria.

Kumbuka pia kwamba betri ya pili haitengenezi umeme. Ni ndoo ya ziada. Kama bomba ni dogo, sasa utakuwa na ndoo mbili zisizojaa.

Na lile kopo linalowaka namba?

Kapasita ya faradi 1 huuzwa kama dawa ya taa kufifia. Hesabu yake ni hii: ikishuka kutoka volti 14 hadi 13, inatoa nishati ya juli 13.5. Amplifaya yetu inayokula wati 1,250 itaimaliza kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Besi moja tu hudumu zaidi ya hapo. Fedha hiyo ni bora iende kwenye nyaya.

Fyuzi ni ya nani?

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie. Fyuzi ya kwenye amplifaya inalinda amplifaya. Haiulindi waya wa mita 5 unaotoka kwenye betri. Waya huo unahitaji fyuzi yake, karibu na betri, isizidi nusu mita kutoka taminali ya chanya.

Sababu ni kwamba betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Kwenye Hiace, ambako injini iko chini ya viti vya mbele, waya hupita karibu na joto na kingo za bati. Mtikiso wa barabara mbovu unausugua pole pole. Siku plastiki ikitoboka na shaba ikagusa bodi, waya usio na fyuzi unakuwa mwekundu kama koili ya jiko, chini ya viti vya watu. Wenye fyuzi unakata, muziki unazimika, na abiria wanafika nyumbani.

Saizi ya fyuzi ifuate waya, si tamaa. Waya wa shaba wa milimita 8 usizidi fyuzi ya ampea 60, na wa milimita 16 usizidi 100. Kila tundu la bati waya unapopita liwe na mpira. Na fyuzi ikikatika mara kwa mara, tafuta sababu. Ukiweka kipande cha waya mahali pake umeondoa ulinzi wote.

Sauti kubwa haihitaji wati tu

Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili isikike mara mbili, unahitaji takriban wati mara kumi. Ndiyo maana magari ya matangazo ya misiba, mikutano na kampeni husikika mbali kwa umeme mdogo: spika zao za honi hugeuza umeme kuwa sauti vizuri sana kuliko sabufa. Na yale yanayobeba spika nyingi nyuma mara nyingi huwa na jenereta yake, bila kuisumbua alteneta. Kwa gari la kawaida, spika bora na boksi lililojengwa vizuri vinaweza kukupa sauti ambayo ungeitafuta kwa alteneta mpya.

Masikio nayo yana kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu. Konda na dereva hukaa humo kutwa, siku sita au saba. Tanzania pia ina Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC ndiyo yenye dhamana ya mazingira.

Uanzie wapi?

Anza na mita ya umeme, kifaa cha bei ndogo. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Pima tena injini ikinguruma, taa na feni zikiwa zimewashwa. Kisha fungua muziki kwa sauti unayoitumia siku zote na upime mara mbili: kwenye betri na kwenye amplifaya. Kama betri ina 13.8 na amplifaya ina 12.5, tatizo ni nyaya. Kama zote mbili zimeshuka, tatizo ni alteneta au mkanda. Kama betri ilikuwa chini tangu asubuhi, basi imechoka, au kuna kitu kinachoinyonya usiku.

Ukishazipata namba hizo, nenda nazo kwa fundi wako. Atajua pa kuanzia, na hutamlipia kifaa ambacho gari lako halikukihitaji.