Mtoto Akikamatwa, Tusingoje Majengo



Binti wa Mombasa akihukumiwa kurekebishwa tabia, huenda akapelekwa Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Shule ya wavulana ya Kabete nayo iko upande huo huo wa jiji. Ni safari ya kilomita zipatazo 500, na mama asiye na nauli atapitisha miezi bila kumwona mwanawe.

Katiba ya 2010 yataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zinaposhindikana, tena kwa muda mfupi. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, lakini mtoto wa miaka 8 aliendelea kushtakiwa hadi Sheria ya Watoto ya 2022 ilipopandisha umri huo hadi miaka 12. Tulingoja miaka 32.

Sheria hiyo imefungua pia njia ya kumwepusha mtoto na kesi. Akikiri kosa kwa hiari yake na mzazi akaridhia, aweza kuomba radhi, kulipa fidia, kupewa ushauri nasaha au kurejea shuleni chini ya uangalizi. Hata hivyo, karatasi hailei mtoto. Pahitajika mahali pa kumpokea na mtu mzima wa kumsimamia, na mambo hayo mawili yangali haba. Mtoto asiye na wa kumpokea hubaki mahabusu.

Hapa nasi tuna lawama. Tumeona wazazi wakijificha kwa kuogopa maneno ya majirani, na mtoto akasimama peke yake mbele ya hakimu. Sitara si kumtelekeza mtoto. Sharia yetu haimwandikii dhambi asiyebaleghe, bali malezi yake imetubebesha sisi.

Basi mtoto akikamatwa, mzazi aende kituoni siku hiyo hiyo na cheti cha kuzaliwa. Amtake afisa wa watoto, na aulizie njia hiyo ya kuepushwa na kesi. Simu 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Afuatane na imamu au mwalimu aliye tayari kumsimamia mtoto. Lakini madrasa isigeuzwe gereza: minyororo na viboko havirekebishi tabia.

Majengo ya serikali yatachelewa. Majumba yetu yamekwisha kujengwa. Mola atuhifadhie watoto wetu. Amin.