Mnanaha: jani la kando ya shamba linalokuchezea ubongo

Machi 2019, kule Karamoja nchini Uganda, watu karibu 300 waliugua baada ya kula uji wa lishe wa msaada. Wengi walichanganyikiwa, 5 wakafariki. Vipimo vilikuta atropini na skopolamini, sumu za mmea wa jamii ya mnanaha.

Karamoja ni mbali na Nachingwea na Ruangwa, sawa. Ila mnanaha ni gugu la sehemu nyingi za Tanzania: ua jeupe kama tarumbeta, tunda lenye miiba. Huota mashambani, majalalani na kwenye mazizi ya zamani.

Sasa linafanyaje kazi? Ubongo hutuma ujumbe kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, inayohusika na kumbukumbu na umakini. Ikifika kwenye kipokezi chake ni kama ufunguo kwenye kitasa. Sumu ya mnanaha inaingia kwenye kitasa hichohicho lakini haifungui. Inakaa tu. Asetilikolini ikija, inakuta pameshazibwa.

LSD na uyoga wa kulevya ni tofauti: zenyewe zinawasha vipokezi vya serotonini, na mtumiaji mara nyingi bado anajua kuwa ni dawa tu. Aliyekula mnanaha hajui. Anapiga stori na mtu asiyekuwepo, anaokota vitu hewani, na baadaye hakumbuki chochote. Hali hiyo inaweza kudumu siku 2 au zaidi.

Vipokezi hivyo vipo pia moyoni, machoni, kwenye tezi za mate na jasho, hadi kibofu. Ndiyo maana mboni za macho zinatanuka, mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, mkojo unagoma, na mwili unachemka bila jasho. Ukimwona mtu hivyo, ni rahisi kusema ana mashetani. Wakati mnatafuta mganga, joto na moyo vinaendelea kummaliza. Mwahisheni hospitali, na kama mmeona alichokula, nendeni nacho.

Wapo vijana wanaotafuna mbegu zake makusudi, kwa kuwa ni bure. Shida ni kwamba sumu hutofautiana mmea hadi mmea. Idadi iliyomlevya mwenzako inaweza kukuua wewe.

Na kupika hakusaidii. Uji wa Karamoja ulipikwa. Ng'oa gugu kabla tunda halijapasuka, na ukipepeta nafaka, toa mbegu ndogo nyeusi, bapa, zenye umbo la figo.