Kukata Wanga Katika Bonde la Mpunga: Hesabu ya Mizani na ya Mfuko

Gramu 100 za wali uliopikwa zina takriban gramu 28 za wanga na kalori 130. Sahani iliyojaa, tuseme gramu 400, inampa mlaji gramu 112 za wanga kabla hajagusa kitoweo. Mfumo mkali wa kukata wanga unaruhusu gramu 50 kwa siku nzima, na wapo wanaoshuka hadi 20. Gramu 50 ni sawa na wali usiofika nusu ya sahani hiyo, kisha hakuna ugali, muhogo, ndizi wala chai ya sukari mpaka kesho.

Wito wa kupunguza wanga Watanzania wengi wameusikia kwa Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili na sasa ni Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Sababu ipo. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika 28 mwaka 2015/16. Lakini Ifakara, katika Bonde la Kilombero, ni mji wa mpunga. Mkulima wa Kilombero anaulima, anaula na kuuuza. Akiuondoa kabisa sahanini anapata nini, na kwa bei gani?

Kwanza mizani. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 500 kwa jumla, na kila gramu hushikana na gramu 3 hivi za maji. Ukikata wanga, akiba hiyo hupungua sana ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo. Hizo ni karibu kilo 2 zilizoshuka wakati kitambi hakijaguswa kwa kiasi cha maana, na zitarudi siku utakayorudia wali. Wakati huohuo homoni ya insulini hupungua, mwili huchoma mafuta zaidi, na ini hutengeneza ketoni za kulisha ubongo. Hata hivyo mafuta ya mwilini hayapungui mpaka uingize kalori chache kuliko unazotumia. Mayai, samaki na nyama hushibisha, vyakula vinavyoruhusiwa ni vichache, basi mtu hujikuta amekula kidogo.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Mapitio ya mwaka 2022, yaliyoongozwa na mtafiti wa Stellenbosch, Afrika Kusini, yalikusanya majaribio 61 yenye watu karibu 7,000. Faida ya kukata wanga ikilinganishwa na mlo wa kawaida wa kupunguza uzito ilikuwa kilo 1 hivi.

Sasa mfuko. Mchele mkavu una kalori 3,600 kwa kilo. Tuchukue bei ya mfano ya Sh 2,500. Anayenunua kwa bei nyingine abadilishe tarakimu. Kalori 2,000 ni gramu 556 za mchele, yaani Sh 1,390. Kwa mayai ya kalori 70 na Sh 300 kila moja, kalori hizo ni mayai 29, Sh 8,700. Ni mara sita.

Hakuna anayekula trei kwa siku, kwa hiyo tupange siku ya kweli: mayai 4, nusu kilo ya nyama ya perege, karanga gramu 100, vijiko 3 vikubwa vya mafuta, na matembele. Hapo kuna kalori 1,700 na wanga usiozidi gramu 40. Nusu kilo ya nyama inataka walau kilo nzima ya samaki sokoni. Tukiweka Sh 8,000 kwa samaki, Sh 1,200 kwa mayai na Sh 1,200 kwa vingine, ni Sh 10,400 kwa siku, Sh 312,000 kwa mwezi, kwa mtu mmoja. Nyumba ya watu watano inapita milioni moja na nusu.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa. Kwa kuwa nyumba nzima haiwezi, atafuata mtu mmoja, mara nyingi mwenye pesa, na samaki wa wote atahamia sahani yake. Nchi hii mwaka 2022 ilikuwa na watoto 30 waliodumaa katika kila 100 wa chini ya miaka mitano. Yai la mtoto lisilipe gharama ya kitambi cha baba.

Mwili nao unadai. Choo kigumu, harufu mbaya ya kinywa, kichwa kuuma. Figo humwaga chumvi zaidi, na kwa anayevuna mpunga kwa mundu kwenye joto la Ifakara, kizunguzungu hakiko mbali. Kwa baadhi ya watu lehemu mbaya hupanda, hasa wakijaza nafasi ya wali kwa nyama ya mafuta.

Ipo njia ya bei nafuu. Punguza wali wa mchana kutoka gramu 400 hadi 200, ongeza mboga. Unaacha kalori 260 kila siku, 7,800 kwa mwezi, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban 7,700. Kasi itapungua kadiri unavyopungua, lakini umebakiza pia kilo 2.2 hivi za mchele, karibu Sh 5,500. Ukiacha vijiko 9 vidogo vya sukari kwenye vikombe vitatu vya chai, ni kalori 144 nyingine kwa siku, na sukari ya zaidi ya kilo moja kwa mwezi.

Na wewe unayetibu kisukari kwa insulini au glibenklamidi, usikate wanga kwa kuambiwa mtaani: dozi ileile na sahani tupu vinaweza kushusha sukari hadi ukazimia. Nenda kwanza hospitali, dozi ipangwe upya.