Jua linapowaka, mto hufurika: safari ya maporomoko ya Vernal

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na kwa aliyelelewa Afrika Mashariki dalili ya mto kujaa ni mvua yenyewe. Masika yanapoanza, mtoto hukatazwa kwenda mtoni. Kiangazi kikishika, hata wazee huvuka kwa miguu. Lakini katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California nchini Marekani, kanuni hiyo humpotosha mgeni. Huko mto hufurika zaidi katika siku za jua zisizo na wingu hata moja.

Mfano ulio wazi ni njia ya miguu iitwayo Mist Trail, yaani Njia ya Manyunyu, iliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, mwendo wa takriban saa 4 kwa gari kutoka San Francisco. Njia hiyo hupanda hadi kwenye maporomoko mawili ya mto Merced: Vernal Fall, yenye kimo cha mita 97, na juu zaidi Nevada Fall, yenye mita 181. Kwa Waswahili waishio ughaibuni wanaopanga kuitembelea, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba njia hiyo moja hubadilika kabisa kutegemea mwezi.

Ngazi mia sita

Safari huanzia mahali paitwapo Happy Isles, ndani ya Bonde la Yosemite. Kipande cha kwanza, cha zaidi kidogo ya kilomita 1, hupita msituni katika kivuli cha misonobari, mierezi na mialoni, hadi kwenye daraja ambapo Vernal Fall huonekana kwa mbali. Baada ya hapo njia huukaribia mto, na mpandaji hukabiliwa na ngazi zaidi ya 600 za mawe ya matale. Kufika juu ya Vernal na kurudi ni safari ya takriban kilomita 4, nayo huchukua yapata saa 3. Wanaoendelea hadi Nevada Fall huhitaji saa 5 hadi 6.

Jina Vernal, lenye maana ya majira ya kuchipua, lilitolewa mwaka 1851 na Lafayette Bunnell, mmoja wa kikosi chenye silaha kilichoingia bondeni humo kuwaondoa wenyeji wa asili. Wenyeji wenyewe waliyaita maporomoko hayo Yan-o-pah, yaani wingu dogo. Anayefika hapo mwezi Mei hukubali kwamba majina yote mawili yanasema kweli.

Ghala la theluji

Chanzo cha yote hayo ni theluji. Sierra Nevada hupata sehemu kubwa ya maji yake kati ya Novemba na Machi, wakati dhoruba kutoka Bahari ya Pasifiki zinapoangusha theluji juu ya milima. Theluji hiyo haitiririki mara moja. Hukaa huko juu kama nafaka ghalani, ikisubiri joto. Aprili inapofika jua huanza kulifungua ghala hilo, na kwa kawaida kati ya Mei na Juni mto Merced hufikia kilele chake, ingawa pengine bondeni haijanyesha mvua kwa wiki kadhaa.

Aidha, mto hubadilika hata ndani ya siku moja. Theluji huyeyuka zaidi mchana, lakini maji yake huchukua saa nyingi kuteremka kutoka milimani. Ndiyo sababu katika majira hayo kina cha Merced hapo Happy Isles mara nyingi hufikia kilele usiku, karibu na saa 6. Huko juu, karibu na theluji yenyewe, vijito hujaa mapema zaidi. Kijito alichokiruka mtu kwa urahisi asubuhi kinaweza kumzuia njia akirejea jioni.

Mwezi kwa mwezi

Katika Mei na Juni, upepo wa maporomoko husukuma manyunyu juu ya ngazi kiasi kwamba mpandaji hulowa chapachapa kana kwamba amenyeshewa. Upinde wa mvua huonekana karibu naye, lakini jiwe analolikanyaga huteleza kama lililopakwa sabuni. Maji yenyewe, ambayo muda si mrefu uliopita yalikuwa theluji, yana baridi ya kuikaza misuli ya mwogeleaji hodari.

Agosti na Septemba hali hugeuka. Mto hupungua, ngazi hukauka, na maporomoko ya jirani ya Yosemite Falls, yenye jumla ya mita 739, mara nyingi hukauka kabisa. Vernal hupungua upana lakini hayakauki. Wakati huo adui ni joto, kiu na radi za alasiri. Kisha huja mapukutiko: majani ya mialoni hugeuka manjano, siku hufupika, na giza huwakuta msituni waliochelewa kuanza safari.

Majira ya baridi manyunyu yale yale huganda na kuzifunika ngazi kwa barafu. Hapo sehemu ya ngazi hufungwa, na watembeaji huelekezwa kupitia sehemu ya njia iitwayo John Muir, inayozunguka mbali zaidi na mto. Wazoefu hufunga meno ya chuma chini ya viatu.

Hata baridi huwa na mshangao wake. Mapema Januari 1997 mvua ya vuguvugu ilinyesha juu ya theluji, maji ya vyote viwili yakashuka kwa pamoja, na bonde likafurika. Hifadhi ilifungwa kwa zaidi ya miezi 2.

Utulivu unaodanganya

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye ngazi zenye kelele bali juu yake. Hatua chache nyuma ya ukingo wa Vernal kuna dimbwi liitwalo Emerald Pool, la rangi ya kijani, linaloonekana kutulia. Kuogelea humo kumepigwa marufuku, kwa kuwa chini ya uso huo tulivu mkondo huvuta kuelekea ukingoni. Mwezi Julai 2011, baada ya majira ya baridi yaliyokuwa na theluji nyingi, watu 3 waliovuka uzio juu ya Vernal Fall walisombwa na kutumbukia. Ilikuwa ni katikati ya msimu wa joto, wakati ambao wengi hudhani mto umekwisha kupungua.

Kalenda peke yake, kwa hiyo, haitoshi. Mwanzoni mwa Aprili 2015, theluji ya California ilikuwa asilimia 5 tu ya wastani wa wakati huo wa mwaka. Mwanzoni mwa Aprili 2023 ilikuwa asilimia 237, na mwishoni mwa mwezi huo sehemu kubwa ya Bonde la Yosemite ilifungwa kwa hofu ya mafuriko. Tarehe ile ile katika miaka miwili inaweza kuwa ya mto mdogo au wa mauti.

Mwenye kupanga safari anashauriwa kuuliza mambo mawili kabla ya kuondoka: theluji ya mwaka huu ilikuwa kiasi gani, na ni njia zipi zilizo wazi leo. Askari wa hifadhi hujibu maswali hayo kila siku. Viatu vyenye soli isiyoteleza, koti la mvua hata kama jua linawaka, maji ya kunywa na kurunzi havina uzito mkubwa begani. Watoto washikwe mkono tangu darajani, na uzio usivukwe kwa ajili ya picha.

Fundisho hilo haliihusu California peke yake. Mwezi Septemba 2019, katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliwasomba watalii waliokuwa wakitembea korongoni. Iwe ni theluji ya miezi 5 iliyopita au mvua ya saa 1 iliyopita huko juu, maji ampitayo mtu miguuni yameanguka mahali pengine na wakati mwingine. Kabla ya kuyakaribia, ni vyema kuuliza yametoka wapi, na ni kiasi gani kingine kiko njiani.